Simu ya Nesi Roda

Nimefunga meza yangu ya Kizota mwaka huu. Kazi haijaisha. Shingo ndiyo iliyokataa kuinama, na jicho la kulia linaona skrubu moja kama mbili. Vijana niliowaachia kibanda wameniomba niwaandikie niliyoyaona katika kazi ya kufufua simu na kutoa kilichomo. Wanataka mbinu. Mbinu nitawapa chache. Mengine nitakayoandika hawakuyaomba, lakini ndiyo yaliyonifanya nifunge mlango bila kusikitika.

Nilianza na redio. Nilitoka Mpwapwa nikiwa binti, nikaja mjini Dodoma kuuza chai mbele ya duka la Babu Kanti, Mhindi mzee aliyezaliwa hapa hapa na aliyekisema Kigogo vizuri kuliko mimi niliyezaliwa nacho. Alitengeneza redio, saa na pasi. Siku moja, nikimngoja amalize chai yake, nilifungua kifuniko cha redio ya mteja. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Umeona nini humo ndani?"

"Waya mmoja umeachia."

"Basi urudishe."

Niliunguza kidole kwa chuma cha kulehemu, lakini niliurudisha. Redio ikakoroma, halafu ikasema. Wiki ile ile birika la chai lilibebwa na mtu mwingine.

Siku ya kwanza ya kazi sikugusa chombo chochote cha maana. Babu Kanti alinipa mswaki wa meno na chupa ya spiriti, akanionyesha kapu la bodi za redio zilizokufa, akaniambia nizisafishe mpaka nione njia zake. Nilidhani ananitesa. Ilipofika jioni nilikuwa nimeanza kuelewa umeme unaingilia wapi, unapita wapi na unaishia wapi. Hakunifundisha kwa maneno mengi. Alikuwa anaweka kitu mbele yangu na kuondoka.

Simu zilipoingia mjini alisema hizo ni redio zenye tamaa. Tulizitengeneza hata hivyo. Zile za mwanzo, za vitufe, zilikuwa ngumu kufa. Ulizikausha, ukabadilisha spika, ukamrudishia mwenyewe. Kisha zikaja hizi za kioo, na mwenye jengo akaona duka la Babu Kanti linachukua nafasi nzuri mno kwa mzee wa redio. Watoto wake walikuja kutoka nje ya nchi wakamchukua. Alifia huko, kwenye baridi, na hapa mjini, pale alipokaa, panauzwa vifuniko vya simu. Mimi nikahamia Kizota, katikati ya mafundi seremala na wachomelea mageti, ambako vumbi la chuma huingia mpaka kwenye chai.

Mbinu ya kwanza, basi. Mteja akileta simu iliyoingia maji, usiiwashe ili kuona kama inawaka. Wote huwasha. Hapo ndipo inapokufa. Toa betri, fungua, osha kwa spiriti, kausha taratibu, halafu ndipo uchukue mita ya umeme na uulize njia moja moja. Na mjue kwamba simu za siku hizi hufunga kila kitu kwa ufunguo ulio kwenye bodi yenyewe. Zamani ningeweza kung'oa kile kijipande cha kuhifadhia na kukisomea mahali pengine. Sasa bodi ikifa, picha na meseji zinakufa nayo. Kwa hiyo hutengenezi simu ili itumike tena. Unaifufua kwa muda mfupi tu, kama mtu unayemtaka aseme neno moja, unachukua kilichomo, halafu unaiacha iende.

Mbinu ya pili ni ya wateja. Mtu atakwambia anataka picha za harusi zilizomo kwenye simu ya mke wake. Ikiwaka, hafungui picha. Katika miaka yangu yote sikuona mwanamume hata mmoja, wala mwanamke, akianzia kwenye picha. Wanakwenda kwenye meseji, wanasoma wamesimama, na baada ya hapo hawashukuru. Mmoja alinilaumu mimi, kana kwamba nilikuwa nimeziandika. Ndipo nikaweka sharti kwamba mwenye simu aje mwenyewe na aweke namba ya siri kwa mkono wake. Lilinipunguzia wateja nusu, na wale waliobaki hawakuwa bora sana.

Nesi Roda alikuja msimu wa mvua. Simu yake ilikuwa ndani ya mfuko wa unga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Imepatwa na nini?"

"Imepondwa kwa jiwe. Halafu ikatupwa kwenye pipa la maji."

"Na nani?"

"Na mtu mwenye msiba," alisema, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

Alikuwa muuguzi wa zahanati moja ya kijijini upande wa Bahi. Jina la kijiji silitaji. Aliyonieleza ni haya. Mchana mmoja akiwa peke yake zamuni, mama mmoja kijana aitwaye Naomi alijifungua mtoto wa kike salama. Baada ya hapo damu haikukata. Roda alimpa dawa iliyokuwepo kabatini, akamtundikia dripu, akamkandamiza tumbo. Alihitaji gari la wagonjwa, na gari hilo, linalohudumia zahanati kadhaa, haliondoki bila ruhusa ya msimamizi aliyekaa mjini. Msimamizi hakupokea simu. Roda akaanza kumtumia meseji za sauti, mkono mmoja juu ya tumbo la mgonjwa, mwingine umeshika simu mdomoni.

Mume wa Naomi, kijana mfugaji anayeitwa Elia, alikuwa nje dirishani. Hakusikia maneno kwa sababu ya mvua kwenye bati. Alichokiona ni muuguzi anayeongea na simu, anashusha, anaongea tena, huku mke wake amelala pale. Naomi alikufa kabla jua halijazama. Roda alipotoka kumweleza, Elia alimnyang'anya simu, akaiweka kwenye kizingiti, akaiponda kwa jiwe la kuzuilia mlango, akaitupa kwenye pipa la maji ya mvua.

"Hukumzuia?"

"Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo," alisema Roda. "Tatizo si yeye. Msimamizi ametoa taarifa kwamba hakupata habari yoyote. Kwamba mimi nilikuwa nachezea simu na mgonjwa anatokwa na damu. Kijiji kizima kinasema hivyo. Nataka zile meseji, mama. Alizisikia. Alinijibu."

"Kwa maandishi?"

"Kwa maandishi."

Bodi ilikuwa imepinda kidogo upande mmoja, na matope yalikuwa yameingia chini ya vifuniko vyake vya bati. Niliisafisha kwa mswaki. Nilipopima kwa mita nikaona njia kuu ya umeme imegusana na ile ya kurudishia, maana yake ukiweka chaji umeme hauendi popote, unachemsha bodi tu. Nilipaka spiriti juu ya bodi yote, nikaiwekea umeme mdogo, nikaangalia ni wapi spiriti inakauka kwanza. Hapo ndipo penye ugonjwa. Kilikuwa kijipande kimoja, kidogo kuliko chembe ya ulezi, kimepasuka. Nilikipuliza hewa ya moto nikakiondoa. Vipo vijipande ambavyo simu inaweza kuishi hata vikitolewa, na hicho kilikuwa kimojawapo. Nilikopa kioo na betri kutoka simu nyingine ya aina ile ile, nikafunga kwa utepe wa karatasi wenye gundi, nikabonyeza.

Ikawaka. Nilimpa Roda aweke namba yake ya siri. Vidole vyake vilikosea, akarudia.

Meseji zilikuwepo zote. Ya kwanza alisema kwa utulivu, kama walivyofundishwa. "Mkuu, mama amejifungua salama lakini damu haikati. Naomba gari." Ya pili: "Mkuu, nimetundika dripu ya mwisho niliyonayo. Naomba gari sasa hivi." Kisha jibu la msimamizi, la maandishi, fupi: "Gari limepeleka viti vya wageni Msalato. Mvumilie, jioni litakuja." Ya mwisho Roda hakumwita mkuu tena. "Anaondoka," ilisema. "Jamani, anaondoka." Na nyuma ya sauti yake kulikuwa na mwanamke mwingine, dhaifu, anaomba maji, anamwita mume wake kwa jina.

Roda alijifuta uso kwa kanga akaniomba nimwekee nakala. Nikaweka kwenye kadi ndogo ya memori, ikabaki kwangu.

Alinitaka niende naye kwenye kikao cha kuchunguza kifo kile. Kilifanyika kwenye darasa la shule, msimamizi na wenzake mbele, wanakijiji madirishani. Nilivaa gauni langu la kanisani. Mwenyekiti wa kikao aliniuliza kwa upole kama mimi ni mtaalamu.

"Mimi ni fundi simu."

"Una cheti?"

"Sina. Nilifundishwa kazini."

"Basi tutakusikiliza kama raia," alisema, akageukia upande mwingine, na hakunirudia tena mpaka kikao kikaisha.

Msimamizi hakufoka wala hakubabaika. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema anaungana na familia katika msiba, na kwamba siku hizi maandishi yanabuniwa, na sauti ya mtu yeyote inaweza kutengenezwa. "Hata yangu mkitaka," alisema, na watu wachache wakacheka. Roda akaomba mume wa marehemu asikilize, aamue mwenyewe. Elia alikuwa ameketi mbele, mikono juu ya fimbo yake, na mama yake pembeni amembeba mtoto.

"Tukuwekee usikie?" aliuliza mwenyekiti.

"Hapana," alisema Elia. "Sitaki sauti ya huyo mwanamke. Nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa anaongea na simu, anaongea na simu."

Hakukuwa na mtu wa kumlazimisha mfiwa, kwa hiyo meseji hazikuwekwa. Simu ikachukuliwa kwa uchunguzi. Nilimsihi Roda kwa jicho asiitoe, lakini angekataaje mbele ya watu wote, wakati yeye ndiye aliyesema ndani yake mna ushahidi? Ilirudi baada ya miezi kadhaa. Tuliiwasha pamoja mezani kwangu. Ilikuwa safi kama imetoka dukani, inatuuliza tunataka kutumia lugha gani.

Nilichukua ile memori nikaenda nayo ofisini kwa waliochukua simu. Kijana wa mapokezi alinipeleka kwa mkubwa wake, na mkubwa wake alinisikiliza mpaka mwisho, lazima niseme hivyo.

"Nakala hii imetoka kwako," alisema. "Simu yenyewe iko wapi?"

"Mlikuwa nayo nyinyi."

"Tulikuwa nayo, ndiyo. Na haina kitu."

Nilikaa pale nikimtazama. Alikuwa na watu wengine nje, nikachukua memori yangu nikatoka.

Roda aliachishwa kazi. Msimamizi alihamishiwa ofisi kubwa zaidi, na sikushangaa. Kwangu hakikutokea kitu ambacho ningeweza kukionyesha kwa kidole. Ila wale wateja wa maofisini, waliokuwa wakinituma madereva na simu zao zilizodondoka, waliacha kuja mmoja mmoja, na mpangaji wa kibanda cha pili aliniambia amesikia kwamba mimi ni mtu wa kuhifadhi siri za watu. Alisema hivyo kama onyo. Mnaoanza kazi hii mlijue hilo. Mtaambiwa kwamba mnarudisha ukweli uliopotea. Mara nyingi haukupotea. Waliokuwa nao hawautaki tu, na mkiuleta mezani watawaangalia nyinyi kana kwamba ndio mliouvunja.

Niliendelea kufanya kazi. Nilifufua simu za wanafunzi wenye kazi za chuo, za wachungaji wenye mahubiri, za bodaboda waliogongwa. Roda alirudi kwa mama yake Bahi, kwenye mpunga. Tulikuwa tunasalimiana sikukuu.

Elia alikuja miaka kadhaa baadaye. Sikumtambua mpaka alipotaja jina. Alikuwa amekonda, amevaa koti kubwa. Alinisalimia shikamoo, nikaitikia, akasimama tu.

"Una simu mbovu?" nilimwuliza.

"Sina. Nimekuja kusikia."

Alinieleza akiwa amesimama vile vile. Alikuwa ameoa tena. Mwezi uliotangulia mke wake mpya alipata uchungu, na mtoto akakaa vibaya. Zahanati ina muuguzi mwingine sasa, binti mdogo, naye alimpa Elia simu akamwambia, wewe piga, mimi mikono yangu ina kazi. Elia akapiga. Akapiga tena. Akaongea na simu kama yule binti alivyomwonyesha, akatuma. Gari halikuja. Mwishoni walimfunga mke wake kwenye trekta la jirani kwa kanga, wakampeleka hospitali, akapona, na mtoto akapona.

"Nilikuwa nimeshika simu," alisema Elia. "Nimesimama pale pale aliposimama yule nesi."

Nilitoa ile memori nikaiweka kwenye simu yangu. Alisikiliza meseji ya kwanza, ya pili, akanitaka nimsomee jibu la msimamizi. Ilipofika ya mwisho na Naomi akamwita kwa jina, alikaa chini sakafuni, kwenye vumbi la chuma. Hakulia kwa sauti. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Aliniomba tena. Kisha akasema, "Nipeleke kwake."

Tulimkuta Roda shambani, maji yamefika magotini, anapandikiza mpunga na mama yake. Alitutazama tukipita juu ya tuta, akafunga kanga yake vizuri, akatoka akasimama mbele yetu na matope miguuni.

"Nimesikia," alisema Elia.

"Umesikia nini?"

"Uliyokuwa unasema kwenye simu."

Elia aliomba msamaha. Aliuomba vibaya, kwa maneno yaliyokatika, na Kiswahili chake kikamwisha njiani akamalizia kwa Kigogo. Alisema kesho yake angekwenda ofisini, aseme mbele ya watu kwamba alikosea.

"Umwambie nani?" aliuliza Roda.

"Yeyote."

"Walikusikia, Elia. Siku ile walikusikia sana. Leo ukienda watakuuliza una shida gani." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyomweleza mgonjwa dawa isiyokuwepo. Halafu akauliza, "Mtoto anasoma?"

"Darasa la pili."

"Mwambie kwamba mama yake hakufa peke yake. Nilikuwa nimemshika."

Elia aliinamisha kichwa. Roda akanigeukia mimi. "Mama, ile nakala bado unayo?"

"Ninayo hapa."

"Ifute."

"Hakuna nyingine popote," nilimwambia. "Ni hii tu."

"Najua."

"Roda, hiki ndicho kitu pekee kinachosema ulifanya kazi yako."

"Nilikuwa nacho mkononi wakanifukuza. Hakijanisaidia." Alipangusa mikono kwenye kanga. "Yule alikuwa mgonjwa wangu. Anasikika humo anaomba maji, nguo zimemtoka, anakufa. Sitaki watu waje kukaa kwenye benchi lako wamsikilize. Hata kama ni kwa ajili yangu. Ifute nione."

Nilimtazama Elia. Alikuwa ameufumba mdomo kwa nguvu, na alikuwa na haki ya kusema, lakini nadhani aliona hana uso wa kumwomba mwanamke yule jambo lingine. Nilizifuta moja baada ya nyingine, Roda ameegemea bega langu akiangalia kioo mpaka pakawa patupu. Akashukuru. Akatugeuzia mgongo, akaingia tena majini, na mama yake akampa fungu la miche.

Tulingoja basi barabarani, chini ya jua, mimi na Elia.

"Fundi," aliniita mwishoni. "Nyumbani hatuna sauti yake nyingine. Simu yake ilikuwa ya vitufe. Mtoto hajawahi kumsikia." Akanigeukia. "Ile uliyofuta, hairudi kweli?"

Nyinyi wa kazi hii mnajua jibu, na yeye hakulijua. Kitu kilichofutwa muda mfupi uliopita, kama hakijaandikiwa kingine juu yake, mara nyingi bado kipo pale pale, na memori ilikuwa mfukoni mwa gauni langu. Ningeweza kumrudishia mke wake kabla ya jioni.

"Hairudi," nilimwambia.

Basi lilipokuja alipanda mbele yangu, akakaa dirishani, na mpaka tunaingia mjini hakugeuka.